Barua ya wazi kwa wizara mbili: maradhi ya watu na ya mifugo yaandikwe daftari moja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Zanzibar;
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Umwagiliaji, Maliasili na Mifugo;
Nakala kwa Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, na kwa Wakuu wa Mikoa ya Kaskazini Pemba na Kusini Pemba.

Assalaam alaykum, Waheshimiwa.

Mimi ni mwalimu wa Bailojia katika skuli moja ya sekondari Wilaya ya Wete, na nikitoka skuli ni mfugaji wa mbuzi na ng'ombe wachache. Nina ombi moja, nalitaja mapema msije mkachoka kulitafuta: maradhi ya watu na maradhi ya wanyama yaripotiwe mahali pamoja, yatazamwe na watu wanaokaa meza moja, na majibu yarudi shehiani. Iwe ni kazi ya siku zote, mripuko uwepo usiwepo, mradi uwepo usiwepo.

Nianze na lililofanyika hapa hapa Pemba, maana tumezoea kudhani kila la maana hutoka ng'ambo.

Kati ya mwaka 2010 na 2020 kichaa cha mbwa kilifuatiliwa kisiwa kizima, mbwa kwa mbwa. Aliyeng'atwa hakuchomwa sindano tu akaachwa aende zake. Aliulizwa: mbwa wa nani? Alitokea upande gani? Kabla yako alimng'ata nani, na baada yako? Kutoka hapo wafuatiliaji wakafika nyumbani kwa mwenye mbwa, na wakiweza, mpaka kwa mbwa aliyemwambukiza huyo. Mbwa aliyekufa, ilipowezekana, alichukuliwa sampuli na vinasaba vya kirusi vikasomwa herufi kwa herufi. Kirusi kikizaliana hubadilika kidogo kidogo, kwa hiyo ukilinganisha kilichopatikana kaskazini na kilichopatikana kusini unajua kama ni ukoo mmoja au ni koo mbali mbali. Maneno ya wanakijiji na herufi za maabara vilipowekwa pamoja, ikaonekana kirusi kimetoka wapi na kimekwenda wapi.

Kilichoonekana ni hiki. Tangu 2010 palikuwa na minyororo mitano ya maambukizi ikitembea kisiwani kwa wakati mmoja, na yote ilikatika kufikia Mei 2014, kwa sababu mbwa walichanjwa kisiwa kizima mwaka baada ya mwaka. Halafu chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 kirusi kikaingia tena kisiwani, na vinasaba vikaonesha kwamba kiliingia mara mbili, kwa njia mbili tofauti. Watu wakaanza kung'atwa upya. Mripuko huo haukuzimwa mpaka Oktoba 2018, baada ya chanjo ya mbwa kurejeshwa.

Waheshimiwa, hapo kwenye "ikalegea" naomba msome mara mbili. Kisiwa kilikuwa kimeshinda. Kazi ngumu ilikwisha, fedha zilitumika, watoto wetu walikuwa wanapita njiani bila hofu. Kilichobaki ilikuwa kuendelea na kazi ya kila mwaka isiyo na mbwembwe wala kamera. Sisi hatuna mpaka wa nchi kavu, na bado mbwa mgonjwa, au mbwa aliyebeba kirusi bila ya dalili, akapata chombo cha kumvusha. Na isingekuwa kwamba orodha ya waliong'atwa imekutana na orodha ya mbwa, hata hiyo mara mbili tusingeijua. Tungesema tu "kichaa kimerudi", kama kwamba kilikuwa safarini.

Mfano wa pili mnaujua kuliko mimi, nao ni malaria. Tangu 2008 vituo vya afya vya Zanzibar vilianza kutuma takwimu za malaria kila wiki kwa simu ya mkononi. Baadaye ikawa kila mgonjwa anaripotiwa peke yake, na afisa wa wilaya anapanda pikipiki na kishikwambi chake, anamfuata nyumbani, anawapima waliomo ndani. Wengi wetu tumegongewa mlango hivyo. Kwa miaka mingi maambukizi yamekaa chini ya asilimia 1, na ingawa kuna miaka hupanda, huonekana yanapanda, maana kuna anayehesabu.

Sasa mafanikio hayo yametuletea swali jipya. Enzi za utoto wangu homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vyengine. Leo mtu anafika kituoni anawaka moto, kipimo kinasema hakuna malaria, na hapo ndipo karatasi inapoishia. Anapewa panadol, anaambiwa anywe maji mengi na arudi akizidiwa. Homa ambayo si malaria haina jina, haina safu katika fomu, haina pikipiki.

Nitoe mfano wa mtaani kwangu. Masika moja, jirani yangu, mama mtu mzima, mbuzi wake walianza kutupa mimba mmoja baada ya mwengine. Mmoja alishindwa kutoa, na yule mama akaingiza mkono mtupu akamtoa mtoto aliyekwisha kufa, akamfunga katika kipande cha polo na kumzika chini ya mgomba. Siku chache baadaye akashikwa na homa na maumivu ya viungo, hata ndoo ya maji hawezi kuinyanyua. Alikwenda kituo cha afya. Kipimo cha malaria hakikuonesha kitu. Muuguzi aliyempokea ni mtu mwema na alikuwa na foleni ndefu. Akamuuliza jina, umri na shehia. Hakumuuliza "unafuga nini?" wala "umemzalisha mnyama hivi karibuni?", kwa kuwa fomu haiulizi. Wakati huo huo bwana mifugo alikuja kwa mafuta ya mfukoni mwake, akawatoa damu mbuzi waliobaki, akanunua barafu dukani akaitia katika kopo pamoja na vichupa, akaondoka. Naye hakuuliza kama kuna mtu mgonjwa nyumbani, maana si kazi yake. Majibu ya damu ile hatukuyapata mpaka leo.

Mama alipona, alhamdulillah. Na mimi kama mwalimu niseme ukweli: huenda halikuwa jambo la virusi hata kidogo. Yako maradhi ya bakteria yanayowafanya mbuzi watupe mimba na kumletea homa anayewahudumia. Lakini mifugo kutupa mimba kwa wingi na watoto wa mifugo kufa, kisha watu kupata homa, ndiyo dalili inayojulikana ya homa ya Bonde la Ufa, maradhi ya virusi yanayotoka kwa mifugo kwenda kwa watu. Watumishi wawili wa Serikali moja waliingia uani mwa mtu mmoja ndani ya wiki moja, kila mmoja na nusu ya habari. Hazikukutana.

Homa ya Bonde la Ufa si hadithi ya mbali. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006, iliripuka Kenya, Somalia na Tanzania Bara, na kwa upande wa Bara pekee zaidi ya watu 100 walifariki mwaka 2007. Mwaka huo huo ikafika Komoro na Mayotte, na kirusi kilichosomwa Mayotte kilikuwa jamaa wa karibu wa kile cha Kenya. Kirusi cha ng'ombe wa bara kimevuka bahari pana kuliko mkondo wa Pemba, na wataalamu wanaishuku biashara ya mifugo. Sasa tazameni bandari zetu wiki mbili kabla ya skukuu ya Mfunguo Tatu, Iddi ya kuchinja. Ng'ombe na mbuzi wanashushwa, wanapakiwa garini, wanasambazwa kwenye mazizi kisiwa kizima, na ndani ya siku chache wanachinjwa uani na watu wasio wachinjaji, mikono mitupu, watoto wamezunguka. Damu ya mnyama mgonjwa ni njia kuu mojawapo ya mtu kuipata homa hiyo. Hao ni wa bandari rasmi. Bandari bubu hamhitaji kuhadithiwa. Kila mtu wa pwani anazijua zilipo, na wanaozitumia hawakati risiti wala hawasubiri daktari wa mifugo.

Simuombi mtu azuie mifugo isije. Skukuu bila nyama si skukuu, na wafanyabiashara wa ng'ombe ni watu wenye familia. Ninachoomba ni kwamba katika wiki zile, na katika kila masika na vuli iliyozidi kiasi, ripoti ya kutupa mimba iliyotoka zizini na ripoti ya homa isiyo malaria iliyotoka kituoni zisomwe na jicho moja.

Virusi vinavyoenezwa na mbu navyo vina njia zao, na njia hizo ni za kwetu. Chikungunya ilitambuliwa mara ya kwanza katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, katika mripuko wa 1952 na 1953. Mwaka 2004 iliripuka Lamu. Mvua zilikuwa haba, watu wakahifadhi maji ndani ya nyumba katika vyombo visivyofunikwa vizuri, mbu wa mchana wakazaliana humo, na ikakadiriwa kwamba robo tatu ya wakaazi waliambukizwa. Kutoka pwani hiyo ikaenda Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, ambako hadi 2006 iliwapata watu wapatao 266,000, kama theluthi ya kisiwa. Kutoka Bahari ya Hindi magharibi ikavuka hadi India. Mwaka 2025 Réunion ilipigwa tena. Yeyote mwenye jamaa Lamu, Mombasa na Ngazija, na Pemba ni nani asiye nao, anaijua ramani hiyo. Tena sisi tunahifadhi maji kwenye madumu na mapipa kwa sababu zile zile za watu wa Lamu. Kidingapopo, yaani homa ya dengue, nacho kimeripuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, mji ambao boti zake hufika Unguja kila siku.

Na si jambo jipya. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akitibu Unguja enzi za masultani, aliandika juu ya mripuko wa kidingapopo wa mwaka 1870, na wazee wa wakati huo walimhadithia mwengine waliouona 1823. Kumbukumbu za wazee ndizo zilizokuwa daftari. Ninavyotazama fomu zetu za leo, nahisi wale wazee walituzidi. Wao angalau waliweza kusema mwaka gani.

Niruhusuni kidogo niende Marekani, kwa sababu kisa chake kinafanana mno na cha jirani yangu. Mwaka 1999, jijini New York, kunguru walianza kuanguka na kufa. Watu nao wakaanza kulazwa na uvimbe wa ubongo, na madaktari wakaamini ni homa ya ubongo ya St. Louis, inayoenezwa na mbu. Daktari wa wanyama katika bustani ya wanyama ya Bronx, Tracey McNamara, aliona jambo haliendi sawa: homa ile haiui ndege, na yeye ndege wake walikuwa wanakufa. Alihangaika wiki kadhaa kupata wa kumsikiliza upande wa afya ya watu. Mwisho ikagundulika ni kirusi cha West Nile, kilichojulikana tangu 1937 nchini Uganda na ambacho hakikuwahi kuonekana bara la Amerika. Watu 7 walifariki mwaka ule, na kirusi hakikuondoka tena. Nchi yenye maabara kuliko sote ilichelewa kwa sababu ya ukuta baina ya daktari wa watu na daktari wa wanyama. Kunguru sisi tunao kupita kiasi, tunawalaani asubuhi na jioni. Akifa mmoja tunashukuru. Wakifa ishirini mahali pamoja tunapaswa kumpigia mtu simu, na leo simjui wa kumpigia.

Kuhusu popo naomba niwe mwangalifu, na nanyi muwe waangalifu zaidi yangu. Popo wa Pemba hapatikani mahali pengine popote duniani. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa karibu kumalizika kwa kuliwa na kukatiwa miti, na wanavijiji ndio waliomrudisha. Nendeni Kidike mkaone. Ni kweli kwamba jamaa zake wa Asia na Australia hubeba virusi hatari: Hendra iliyotokea Australia mwaka 1994, na Nipah iliyoripuka Malaysia 1998 na 1999, watu zaidi ya 100 wakafa na nguruwe karibu milioni moja wakaangamizwa. Lakini huko Malaysia matunda yaliyoliwa na popo yalianguka kwenye mabanda makubwa ya nguruwe, na kwenye nguruwe ndipo kirusi kilipokua. Popo akiachiwa mti wake hana shida na mtu. Wizara ikianza siku moja kutangaza redioni kwamba "popo wana virusi", na isiongeze neno, watu watachukua mapanga wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo popo wapimwe, kinyesi na mkojo wake ukusanywe chini ya miti bila kumgusa, na vijana wa Kidike wafundishwe kazi hiyo kwa kuwa wapo pale kila siku. Wapimwe kimya kimya, na majibu yatangazwe kwa akili.

Kutangaza. Hapo nitasema jambo ambalo pengine halitopendeza. Sina nia ya kufukua makaburi, lakini tangu Mei 2020 mpaka katikati ya 2021 nchi hii ilikaa bila ya takwimu za Uviko. Tulizika. Tulisikia kwenye misikiti majina ya marehemu wengi kuliko kawaida, na kila mtu akajitungia hesabu yake. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais na mtu wa Pemba hii, alifariki Februari 2021, baada ya chama chake kutangaza kwamba ameambukizwa. Kwa wengi wetu lile tangazo la chama ndilo lilikuwa takwimu pekee tuliyoipata. Athari yake ipo mpaka leo: mfugaji akiona mnyama wake anakufa, jambo la kwanza analofikiri ni kwamba akiripoti atafungiwa zizi na hatoambiwa chochote. Basi anachinja haraka, au anauza.

Ndiyo maana nasisitiza majibu yarudi. Mtu aliyetoa damu ya mbuzi wake apate jibu hata kama jibu ni "hatujaona kitu". Asiyejibiwa mara ya kwanza, mara ya pili haiti.

Vifaa vya kuanzia tunavyo. Pale Wawi, Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri tangu mwaka 2000, na watu wake wanakijua kisiwa hiki nyumba kwa nyumba. Zipo hospitali mpya za wilaya. Wapo maafisa wa malaria na pikipiki zao, wapo mabwana mifugo, wapo wahudumu wa afya wa kujitolea, na yupo sheha, ambaye hakuna kinachozaliwa wala kufa katika shehia yake asikijue. Afya na mifugo si mambo ya Muungano, kwa hiyo hamna haja ya kusubiri Dodoma. Itabidi tu mkubaliane na wenzenu wa Tanga juu ya vyombo vinavyovusha mifugo.

Msianze na visiwa vyote. Chukueni wilaya moja, Micheweni kwa mfano, ambako pana pwani ndefu, mifugo na bandari bubu za kutosha. Muongezeeni muuguzi maswali mawili katika fomu: unafuga au umechinja nini, na umesafiri wapi. Muongezeeni bwana mifugo swali moja: nani mgonjwa nyumbani. Ripoti zote mbili ziingie katika mfumo ule ule wa simu uliozoeleka kwa malaria, na kila wiki watu wanne, wa hospitali, wa mifugo, wa maabara na wa misitu, wakae wazisome. Homa zisizo malaria zikizidi kiasi katika shehia, baadhi zipelekwe maabara. Bwana mifugo apewe mafuta na kibebeo cha baridi. Si haki barafu ya Serikali inunuliwe na mtu binafsi. Na fedha zake ziandikwe katika bajeti yenu wenyewe, kifungu kinachojulikana, ili mfadhili akiondoka kazi ibaki. Ya 2016 yanatosha.

Chanjo ya mbwa nayo iendelee kila mwaka. Nimeitaja mwisho, lakini ndiyo ya kuanza nayo kesho.

Nakala ya barua hii nimempa sheha wetu, naye amekubali kuibandika kwenye ubao wa matangazo. Jibu lenu likija, litabandikwa pembeni yake.

Wenu,
Mwalimu na mfugaji,
Wete, Pemba.